Blaque na albamu mbili zilizobaki kiporo: kwa nini lebo inalipia muziki alafu haiutoi

Hili swali linanikera na najua sio mimi peke yangu. Inakuwaje kampuni inatoa hela yake, inaita maprodyuza wa bei mbaya, wasanii wanashinda studio miezi, singo inatoka na video juu, tarehe ya albamu inatangazwa, alafu kimya, mwaka unaisha, mwingine unaingia na hakuna anayekuja kusema kitu? Wengi wanajibu kirahisi kwamba albamu ilikuwa mbovu basi. Mimi nabisha, na nabisha kwa mfano wa Blaque, kwa sababu hawa madada walifungiwa kabatini albamu mbili, kwenye lebo mbili tofauti, na sababu za hizo mbili hazifanani hata kidogo. Ukizielewa hizo mbili umeshaelewa karibu biashara nzima inavyokwenda.

Kwa ambao hawakuwakuta: Blaque walikuwa watatu, Shamari Fears, Brandi Williams na Natina Reed, maskani yao Atlanta kwenye jimbo la Georgia, na miaka ile Atlanta ndo ilikuwa yenyewe, lebo ya LaFace pale, lebo ya So So Def ya Jermaine Dupri pale, TLC, Xscape, Usher, OutKast, wote mji mmoja. Aliyewaokota ni Lisa "Left Eye" Lopes wa TLC mwenyewe, akawachukua chini ya kampuni yake ya utayarishaji, yeye akawapeleka kwa Track Masters (wale maprodyuza wawili wa New York, Poke na Tone), na Track Masters wakawa chini ya lebo kubwa ya Columbia. Huo mnyororo ukumbuke, nitaurudia.

Albamu ya kwanza, yenye jina la kundi, ilitoka Juni 1999. "808" ikapanda mpaka nafasi ya 8 kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, alafu "Bring It All to Me", ile yenye sauti ya JC Chasez wa *NSYNC, ikafika nafasi ya 5. Albamu ikapata platinamu, maana yake nakala milioni moja Marekani peke yake. Wakazunguka na TLC kwenye ziara ya FanMail, na 2000 wakaonekana kwenye ile filamu ya washangiliaji, Bring It On, wao watatu ndo walikuwa pamoja na Gabrielle Union kwenye timu ya Clovers ya East Compton, na filamu ikaingiza karibu dola milioni 90 duniani. Yani kufikia mwisho wa 2000 una kundi lenye hiti mbili za kumi bora, platinamu na sinema iliyofanya vizuri. Ukiambiwa taja watu ambao albamu yao ya pili haiwezi kufungiwa, ungewataja hawa.

Albamu ya pili ikaitwa Blaque Out. Singo ya kwanza, "Can't Get It Back", ikatoka 2001, haikufanya vizuri Marekani, tarehe ya albamu ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mwisho Columbia wakaiacha, haikuingia madukani Marekani kwa wakati wake.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganyikiwa, wimbo mmoja tu ndo unazika nyimbo nyingine zote? Ndiyo, na sababu ni hesabu. Hela ya kurekodi ikishatumika imetumika, hairudi hata albamu isipotoka. Hela ambayo bado haijatumika ndo kubwa zaidi: kuchapa diski na kuzisambaza, video ya pili, safari, matangazo, na juu ya yote redio. Miaka ile Marekani wimbo haukuingia kwenye mzunguko wa redio kwa kupelekwa na kusikilizwa tu, kulikuwa na madalali wanaitwa mapromota huru, lebo inawalipa wao, wao ndo wenye njia ya kwa mameneja wa vituo, na mwanasheria mkuu wa New York wa wakati huo, Eliot Spitzer, alipokuja kuchimba, Sony BMG wakakubali kulipa dola milioni 10 mwezi Julai 2005 na Warner wakalipa milioni 5 Novemba mwaka huohuo. Nazitaja hizo kampuni mbili makusudi, maana Columbia ni ya Sony na lebo ya pili ya Blaque ilikuwa ya Warner.

Kwahiyo singo ya kwanza ilikuwa ni kipimo. Lebo inatumia hela kiasi, inasikilizia, wimbo ukipanda wanamwaga hela zote, usipopanda bosi anakaa chini anajiuliza, niongeze nyingi juu ya zile zilizopotea au niishie hapa? Na 2001 hali ilikuwa mbaya, Napster, ile programu ya watu kugawana nyimbo bure mtandaoni, ilishaanza tangu 1999, na mwaka huo wa 2001 mauzo ya diski yalianza kushuka baada ya miaka mingi ya neema, mabosi wakawa waoga. Jibu la bosi mwoga ni kuishia hapa. Hakuna mkutano wa kujadili kama nyimbo za ndani ni nzuri, wanaangalia wimbo mmoja umefanya nini kwenye redio kwa wiki kadhaa basi.

Turudi kwenye ule mnyororo. Mkataba wa muziki wa kawaida unampa msanii hela ya mwanzo pamoja na bajeti ya kurekodi, na vyote hivyo ni deni. Wenye ndugu wanaolima tumbaku Tabora au Urambo wataelewa haraka: mnunuzi anakupa mbolea na dawa kwa mkopo, unalima mwenyewe, unakausha mwenyewe, siku ya mizani anakata chake kwanza, kinachobaki ndo chako, na bei kaipanga yeye. Msanii ni hivyohivyo, ila kuna jambo moja linamzidi mkulima ubaya, deni likishalipwa lote kutokana na fungu lake msanii, ile masta, yani rekodi yenyewe, inaendelea kuwa mali ya lebo.

Na kukiwa na kampuni tatu juu yenu, kila moja inachukua kipande kabla hela haijashuka, alafu kinachoshuka mnagawana watatu. Left Eye alikuwa analijua hili kwa mwili wake. TLC wenyewe walisainiwa na kampuni ya utayarishaji iliyokuwa ya meneja wao, ile ikaingia mkataba na LaFace, LaFace iko chini ya Arista, lebo kubwa zaidi. CrazySexyCool ilitoka Novemba 1994 ikauza mamilioni, na Julai 1995, albamu ikiwa bado inauza, TLC wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika wakiwa na madeni ya kama dola milioni 3.5. Kiwango kilichoripotiwa ni kama senti 56 kwa kila albamu kwa kundi zima. Gawanya kwa tatu, toa studio, toa nusu ya gharama za video, toa meneja, toa mwanasheria, toa kodi.

Hizi hesabu zinahusika na albamu kufungiwa kwa sababu zinaonyesha nani anaumia. Blaque Out isipotoka, lebo inaandika hasara kwenye vitabu vyake na maisha yanaendelea, ina wasanii wengine mamia. Wale watatu wanabaki na deni lililoongezeka kwenye akaunti yao, kwa sababu gharama za albamu ambayo haikutoka kwa kawaida zinarundikwa juu ya zile za albamu ya kwanza, mikataba mingi inaruhusu hivyo, kwahiyo hata mauzo ya "808" yanaanza kulipia deni la albamu ambayo hakuna aliyeinunua. Mwenye mamlaka ya kuamua haumii, anayeumia hana mamlaka. Kwangu mimi hii ndo roho ya jambo lenyewe.

Na wala hawakuwa peke yao, tazama watu waliowazunguka tu. Track Masters hao hao walikuwa na kijana mmoja wa Queens pale Columbia anaitwa 50 Cent, albamu yake Power of the Dollar ilikuwa tayari mwaka 2000, akapigwa risasi Mei mwaka huo, Columbia wakaachana naye na albamu ikabaki. Left Eye naye, mlezi wao, albamu yake ya peke yake Supernova ilitoka nje ya Marekani Agosti 2001 na Arista wakaifuta kwa Marekani baada ya singo yake kutofanya vizuri. Hebu fikiria, mlezi na watoto wake wamefungiwa kipindi kimoja, kwa sababu ileile, na kampuni mbili tofauti. Na tarehe 25 Aprili 2002 Left Eye akafariki kwenye ajali ya gari Honduras, akiwa na miaka 30. Blaque wakawa wamepoteza mtu pekee mwenye jina kubwa ambaye angeweza kuingia kwenye ofisi ya bosi akagonga meza kwa niaba yao. Hili huwa linasahaulika watu wakieleza habari ya Blaque Out kama mambo ya chati tu.

Swali linalofuata kila mtu analiuliza, kama hamuitaki si muwape wenyewe waondoke nayo? Kuna vikwazo kadhaa na kila kimoja ni kizito kivyake. Cha kwanza, masta ni mali, na mali haitolewi bure, anayeitaka atalipa gharama zote za kurekodi alafu mara nyingi lebo ya zamani inadai na asilimia kwenye kila nakala itakayouzwa huko mbele. Lebo mpya ikipiga hesabu inaona bora kurekodi upya. Cha pili, kipengele cha kutorudia kurekodi: mkataba wa kawaida unakataza msanii kuimba tena nyimbo zilezile kwa lebo nyingine mpaka ipite kama miaka mitano, au miwili tangu mkataba uishe, inayochelewa ndo inahesabiwa. Sasa R&B ya mitindo ya 2001 ukiiimba upya 2006 nani anaitaka? Cha tatu hakiandikwi popote lakini watu wa biashara hii wanakisema wazi, hakuna bosi anayetaka kuachia albamu alafu iwe hiti kwa jirani.

Alafu kuna kipengele ambacho kama una mdogo wako anaimba na ameletewa karatasi asaini, Dar, Nairobi, popote, mwambie akitafute kabla ya kuangalia hela: je, lebo inalazimika kuitoa albamu? Mikataba mingi inasema lebo inalazimika kulipa, sio kutoa. Wakikulipa kiasi cha chini kilichoandikwa wametimiza wajibu, muziki ukae mpaka uote vumbi hawana kosa. Wasanii wenye nguvu wanadai ahadi ya kutolewa, kwamba albamu ikikabidhiwa na lebo isipoitoa ndani ya miezi fulani, msanii atatoa notisi na baada ya hapo anakuwa huru. Lakini soma vizuri, anayekuwa huru ni msanii, albamu inabaki kulekule. Unatoka mlangoni na mikono mitupu.

Kuna jambo moja la Blaque Out linaloonyesha vizuri kuwa tatizo halikuwa nyimbo. 2003 kundi la Uingereza, Mis-Teeq, walichukua "Can't Get It Back" ileile wakaiimba wao, na ikaingia kumi bora ya Uingereza, nafasi ya 8. Wimbo uleule! Ule uliotumika kama ushahidi wa kuifungia albamu nzima. Na iliwezekana kwa sababu wimbo una haki mbili zinazoishi nyumba tofauti. Kuna utunzi, yani mashairi na melodi, hiyo ni ya waandishi na wachapishaji wao, na wakishautoa wimbo duniani mwingine anaweza kuuimba akilipa kinachotakiwa. Na kuna rekodi, zile sauti zilizonaswa siku ile studio, hiyo ni ya lebo. Columbia walikuwa na funguo ya ile ya pili tu. Kwahiyo waandishi wa wimbo wakapata hela ya hiti London, na wale madada watatu walioimba kwanza, kwa kuimba kwao, wasipate kitu kwenye toleo la Mis-Teeq.

Sasa ya pili. Blaque walitoka Columbia wakaingia Elektra, lebo ya zamani sana ya kundi la Warner, wakati huo ikiongozwa na Sylvia Rhone, mmoja wa wanawake weusi wachache waliofika juu vile kwenye biashara hiyo, na pale walikuwepo Missy Elliott na Tweet, kwa kifupi nyumba iliyojua R&B inauzwaje. Albamu ikaitwa Torch. Wimbo wao "I'm Good" ukawekwa kwenye filamu ya Honey ya Jessica Alba iliyotoka Desemba 2003. Mambo yalikuwa yanasogea.

Lakini Novemba 2003, wakati huohuo wimbo unajiandaa kutoka, Time Warner ilikuwa imeshatangaza kuiuza Warner Music kwa wawekezaji walioongozwa na Edgar Bronfman Jr., kwa dola bilioni 2.6. Biashara ikafungwa mwanzoni mwa 2004, na jambo la kwanza wamiliki wapya walilofanya ni kupunguza gharama: watu kama 1,000 wakapoteza kazi, Elektra ikaunganishwa na Atlantic, Rhone akaondoka. Hapo haijalishi singo imefanya nini. Mtu aliyekusaini hayupo, aliyepanga promo hayupo, aliyekuwa anajua namba ya simu ya meneja wenu hayupo, na waliobaki Atlantic wana wasanii wao waliowasaini kwa mikono yao na wanalindia kazi zao. Albamu ya msanii wa bosi aliyeondoka ni mzigo wa mtu mwingine, ikivuma sifa sio yako, ikibuma lawama ni yako. Torch ikabaki kiporo nayo, na kundi likasambaratika.

Ndo maana nilisema hazifanani. Blaque Out ilizuiwa na hesabu ya wimbo mmoja. Torch ilizuiwa na dili la mabilioni lililosainiwa na watu ambao sidhani kama waliwahi hata kusikia jina la Natina Reed. Kuna na aina ya tatu ambayo Blaque haikuwapata, ugomvi kati ya prodyuza na lebo: Mary Jane Girls, kundi lililoundwa na mwanamuziki Rick James, walikuwa na albamu ya tatu inaitwa Conversation katikati ya miaka ya 80, Rick James na lebo yao ya Motown wakakorofishana, wanawake wanne waliokuwa wametoka tu kuingiza "In My House" nafasi ya 7 mwaka 1985 wakajikuta wamekwama kwenye ugomvi usiowahusu, na ile albamu ikaja kusikika rasmi baada ya zaidi ya miaka ishirini na tano.

Msanii wa peke yake ana mlango wa dharura ambao kundi la sauti halina. JoJo, yule binti aliyesainiwa akiwa mdogo, lebo yake ya zamani ilipoziacha albamu zake mbili za kwanza zikawa hazipatikani kwenye majukwaa ya mtandaoni, alirudi studio akaziimba zote upya na kuzitoa Desemba 2018. Sauti ni yake, koo ni lake, akirudi yeye kila kitu kimerudi. Kundi haliko hivyo. Vaa hedifoni usikilize korasi ya "Bring It All to Me" taratibu, usifuate mashairi, fuata pumzi. Kule nyuma hakuna sauti tatu tu. Kwenye R&B ya namna ile mtu anaingia kwenye chumba cha maiki, anaimba mstari uleule mara nne, tano, kila mara inahifadhiwa kwenye njia yake, anaimba laini karibu kabisa na maiki mpaka unasikia midomo inaachana, anatoka, anaingia wa pili anaimba ya juu yake, wa tatu ya chini, alafu fundi anazipanga, nyingine kushoto, nyingine kulia, mpaka unapata kama ukuta wa sauti ishirini zilizotoka kwenye makoo matatu. Ule ukuta ndo kundi. Mwenye sikio anajua ukimtoa mmoja ukamweka mwingine anayeimba noti zilezile, rangi inabadilika hapohapo, kwa sababu konsonanti zake zinafunga mapema kidogo au sauti yake ina mchanga ambao wa kwanza hakuwa nao. Na Natina ndo alikuwa na michano, ile sehemu ya katikati ambapo wimbo unaacha kubembeleza unaanza kuongea.

Natina aligongwa na gari Georgia tarehe 26 Oktoba 2012, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 33. Kuanzia siku hiyo hizo albamu mbili zikawa ndo sehemu zilizobaki za kundi kamili likiwa kazini kati ya 2001 na 2003. Hakuna pesa itakayozirekodi upya.

Kuna wanaosema leo sio zamani, hakuna diski za kuchapa, si wapandishe tu kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni wiki hii hii? Ningependa iwe hivyo. Kupandisha faili kweli ni bei ndogo, kazi iko kwenye makaratasi. Kila wimbo una waandishi wanne, sita, mgawanyo wa asilimia ambao labda haukuwahi kusainiwa kwa sababu albamu ilisimama kabla ya hatua hiyo. Kuna vipande vya nyimbo za watu vilivyochukuliwa kwenye bit na vinatakiwa vibali, kuna wageni walioimba ambao lebo zao zilitoa ruhusa ya mwaka fulani tu, kuna malipo ya prodyuza yaliyobaki nusu maana nusu ya pili hulipwa kazi ikishakamilika. Mwanasheria wa lebo anachaji kwa saa, na meza ya katalogi, yani wanaosimamia rekodi za zamani za lebo, inaangalia tu kama mapato yatazidi hizo saa. Kundi lililo kimya miaka ishirini halishindi hiyo hesabu kirahisi, ndo maana nyimbo nyingi za kiporo zinatufikia kwa kuvuja, kutoka kwenye nakala za matangazo zilizotumwa redioni na kwa waandishi kabla ya kufutwa, bila majina ya waandishi, sauti imebanwa, na msanii hapati hata senti.

Lakini sheria ina milango na hapa nataka tukae kidogo. Ulaya rekodi ambayo haijatolewa inapoteza ulinzi wake miaka 50 baada ya kurekodiwa. Hiyo ndo sababu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Motown wakaanza kutoa mafungu ya nyimbo za kiporo mwaka hadi mwaka, Motown Unreleased 1962, ikafuata 1963, na kuendelea, wakiziwahi kabla saa haijagonga, na mashabiki wakapata makundi ya wasichana ya Detroit yaliyokuwa yamefungiwa nusu karne. Kwa rekodi ya 2001 hesabu hiyo inaangukia mwisho wa 2051, ni mbali.

Marekani kuna njia ya karibu zaidi. Sheria ya hakimiliki ya 1976, kifungu cha 203, inampa mtunzi haki ya kuvunja mkataba aliotoa haki zake baada ya miaka 35. Kwa kazi ambayo mkataba unahusu kuitoa, miaka 35 inahesabiwa tangu kazi itolewe, au miaka 40 tangu haki zilipokabidhiwa, inayofika mapema ndo inashika. Kazi ambayo haikutolewa haina tarehe ya kutolewa, kwahiyo inabaki ile 40. Lebo zinapinga, zinasema rekodi ni kazi ya kuajiriwa na mwajiriwa hana haki hiyo, na mwaka 1999, mwaka uleule wa albamu ya kwanza ya Blaque, maneno ya kuwapa lebo ushindi huo yaliingizwa kwenye sheria iliyohusu matangazo ya satelaiti, wasanii wakashtuka, wakapiga kelele, na 2000 Bunge la Marekani likayafuta. Kwahiyo mgogoro uko wazi, haujafungwa upande wowote, na kwa Blaque mkataba uliopitia mikono mitatu utaongeza ubishi wa nani alimkabidhi nani.

Hata hivyo nyimbo zilizokabidhiwa 2001 zinafikisha miaka 40 mwaka 2041, na sheria inaruhusu notisi ipelekwe mpaka miaka kumi kabla, yani kuanzia 2031. Kazi ikiwa ya watu kadhaa waliotoa haki kwa pamoja, haihitaji wote wakubaliane, inatosha wengi wao, na ya aliyefariki inatumiwa na warithi wake wanaotajwa na sheria. Watunzi wakihesabiwa ni wale watatu, wengi wao ni wawili, na Shamari na Brandi wapo.